Theluji Haijaanguka, Jeshi Limeshakwisha: Mwongozo wa Kulivusha Jeshi Majira ya Baridi Kali

Baridi yetu ya Dodoma ni ya Juni na Julai: upepo wa usiku, koti, chai ya tangawizi, kisha jua linatoka na watu wanasahau. Ndiyo maana mchezaji wa hapa akikalia gemu ya vita ya Urusi au Finland, theluji huiona kama pambo la ramani. Imekuwa nyeupe, basi. Zamu tatu nne baadaye anauliza, "Kaka, mbona sijapigana na mtu na askari wangu wanapungua?"

Wanapukutika. Kwenye gemu nyingi za namna hii, iwe ya mezani yenye kete za vikosi na ramani ya pembesita (vyumba vya pembe sita), iwe ya kompyuta, kuna sehemu ya kanuni inayopunguza jeshi polepole bila risasi hata moja: njaa, maradhi, vidole vilivyoganda, farasi waliokufa, magari yaliyogoma kuwaka. Anayeanza huiruka sehemu hiyo ili awahi kanuni za mapigano.

Mtu aliyekulia Ugogo ana pa kuanzia. Masika yakikatika, uwele na mtama vinavunwa, na kuanzia hapo mpaka mvua ya Desemba shamba halitoi kitu. Kaya inakula kilichomo ghalani. Mwenye nyumba makini huhesabu magunia siku ya mavuno, hangoji mpaka ghala lianze kutoa mwangwi. Jeshi nalo huhesabiwa hivyo. Ukifika Desemba ndiyo unaanza kutafuta cha kufanya, mwongozo huu hautakusaidia sana. Kazi kubwa iko Agosti na Septemba, kwa hiyo hatua za mwanzo nimezirefusha kuliko za mwisho.

Hatua ya 1: Tafuta ukurasa wa majira

Kabla hujapanga kete hata moja, tafuta majibu ya maswali manne. Baridi inaanza mwezi gani na kuisha lini? Inagusa eneo gani la ramani? Inapunguza nini: mwendo, ugavi (ufikishaji wa chakula na vifaa), nguvu ya kupigana, au vyote? Na nani amesamehewa?

Swali la mwisho ndilo watu hawaulizi. Karibu kila gemu ina jeshi au kamanda anayeumia kidogo kuliko wenzake. Hearts of Iron IV, gemu ya kompyuta ya Vita vya Pili vya Dunia, ina kipimo cha kuzoea hali ya hewa: divisheni iliyokaa muda mrefu kwenye baridi huumia kidogo, na iliyotolewa jana kwenye joto huumia sana. Europa Universalis IV, nayo ya kompyuta, hugawa majira ya baridi katika madaraja matatu, hafifu, ya kawaida na kali, na jimbo lenye baridi kali hulisha watu wachache kuliko lilivyolisha Julai. Andika majibu yako kwenye karatasi, uyaweke karibu na ramani.

Hatua ya 2: Weka tarehe ya kusimama, na uitoe kwenye matope

Hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kama theluji inaanza Desemba, watu wengi hujipangia kusonga mbele hadi Novemba ishirini na kitu. Hapo ndipo wanapopotea, maana kati ya kiangazi cha Urusi na theluji yake kuna matope, na kwa jeshi matope ni mabaya kuliko theluji. Theluji iliyoganda unaipitia. Tope linakumeza gurudumu.

Mwaka 1941 Wajerumani walianza msukumo wao mkubwa wa kwenda Moscow mwanzoni mwa Oktoba. Siku chache tu mvua ikafika, barabara za udongo zikawa uji, mizinga ikazama, na mikokoteni ikavutwa na farasi maradufu. Ardhi ilipoganda katikati ya Novemba walisonga tena, lakini walikuwa wameshapoteza wiki ambazo hazikurudi. Desemba 5 jeshi la Kisovieti likawapiga kwa mashambulizi ya kujibu, likiwakuta wamechoka na wametawanyika kwenye mstari mrefu.

Ukiona Moscow ni mbali, panda basi la Kondoa. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, akipigana upande wa Waingereza, alishuka kutoka upande wa Arusha na kuiteka Kondoa Irangi. Alikuwa anaitaka Reli ya Kati, yaani alikuwa anakuja huku kwetu. Masika yakamkamata palepale. Njia ya kurudi kaskazini kwenye maghala yake ikageuka tope, chakula kikawa cha kupimiwa, na farasi wakafa kwa mamia kwa magonjwa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alimshambulia usiku wa Mei 9 na akashindwa kuuvunja ulinzi wake, lakini van Deventer naye hakuwa na nguvu ya kusogea. Dodoma aliifikia mwishoni mwa Julai, njia zilipokauka. Hapo hapakuwa na theluji hata punje. Jeshi lililoshinda lilikaa karibu miezi mitatu kwa sababu ya barabara.

Kwa hiyo kanuni ya meza yetu, yaani kikundi chetu cha kucheza, ni hii: tafuta zamu ya kwanza ya matope, toa zamu mbili, na hapo ndipo pa kusimama. Zamu hizo mbili ni za kusogeza bohari, kuchimba mahandaki na kurudisha wagonjwa. Mpinzani wako akicheka kwamba umeogopa, mwache acheke hadi Januari.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya tumbo

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo, kwa hiyo chukua kalamu.

Jeshi la kabla ya malori linategemea farasi. Askari mmoja ukimpa kilo moja ya chakula kwa siku ataishi. Farasi wa jeshi anakula kama kilo 10: jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza lilimpangia takriban kilo tano na nusu za shayiri na kilo nne na nusu za majani makavu. Farasi mmoja ni askari kumi kwenye daftari la ghala.

Chukua mkokoteni wa farasi wawili wenye uwezo wa kubeba kilo 500. Farasi wanakula kilo 20 kwa siku, mwendeshaji kilo moja: jumla 21. Kiangazi, barabara nzuri, unakwenda kilomita 25 kwa siku. Bohari ikiwa kilomita 125 nyuma, ni siku tano kwenda na tano kurudi. Siku kumi mara 21 ni kilo 210. Mkokoteni umekufikishia kilo 290. Unalalamika, lakini jeshi linakula. Tena kiangazi farasi hula majani ya njiani, kwa hiyo hali halisi ni nafuu kuliko hapo.

Sasa theluji imeanguka. Mwendo unakuwa nusu, majani yamefunikwa. Umbali uleule ni siku kumi kwenda na kumi kurudi. Siku ishirini mara 21 ni kilo 420. Kwenye kilo 500 ulizopakia, askari wanapata 80.

Ongeza umbali kidogo tu. Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160. Kwa mwendo wa theluji hizo ni siku karibu 26 kwenda na kurudi, na chakula cha msafara kinazidi kilo 530. Mkokoteni umeanza na kilo 500. Yaani ukijaribu kulisha kikosi cha Kondoa kwa mikokoteni kutoka Dodoma kwenye baridi ya Urusi, farasi watakula mzigo wote na bado watakudai.

Gemu haikulazimishi kupiga hesabu hii, kanuni zake zimeipiga tayari. Wanapokuambia "ugavi unafika pembesita sita kiangazi na tatu majira ya baridi," hicho ndicho walichofupisha. Lakini ukiijua hesabu yenyewe unaacha kubishana na kanuni na unaanza kufanya vitu vitatu.

Cha kwanza, sogeza bohari mbele wakati barabara bado kavu, hata kama jeshi halina njaa. Gunia lililosafirishwa Agosti ni nafuu mno kuliko la Januari. Cha pili, weka bohari ndogo za katikati badala ya moja kubwa nyuma, ili msafara mmoja usitembee njia nzima. Cha tatu, kama gemu ina sleji, badilisha mapema: kwenye theluji ngumu sleji inateleza mahali gurudumu linakwama. Mpaka umalize kubadilisha, usisogeze jeshi.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho kanuni za mezani huwa zinakisahau, nasi tumekiongeza kwenye kanuni zetu: viatu vya farasi. Farasi wengi wa Napoleon, mtawala wa Ufaransa aliyeivamia Urusi mwaka 1812, hawakuwa na viatu vyenye meno ya kushika barafu. Wakawa wanateleza, wanaanguka, hawainuki. Mizinga iliachwa njiani kwa kukosa wa kuivuta. Meza yetu ina kete ya wahunzi. Asiyeinunua kabla ya Novemba anapoteza nusu ya mizinga kila anapopanda mlima.

Hatua ya 4: Ifuate reli kituo kwa kituo

Kama gemu yako ni ya karne ya 20, reli ndiyo vita yenyewe. Usiangalie reli kwa jumla. Weka kidole kwenye makao makuu, uifuate hadi mstari wa mbele, na usimame kila inapobadilika.

Sisi wa Dodoma tuna mfano mlangoni. Reli ya zamani, iliyotoka Dar es Salaam na kufika hapa mwaka 1910, ina upana wa mita moja. SGR, iliyoanza kuleta abiria hapa mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la huku haliendi kule. Mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine lazima ushushwe, ubebwe, upakiwe upya. Wajerumani walikuta shida hiyohiyo mwaka 1941: reli yao ilikuwa ya milimita 1,435, ya Wasovieti 1,524. Wahandisi wao walilazimika kung'oa na kusogeza reli upande mmoja kwa maelfu ya kilomita, na kila palipokuwa na mpaka wa reli mbili mzigo ulilundikana. Juu ya hapo, vituo vya maji vya Wasovieti vilijengwa kwa vichwa vya treni vinavyokwenda mbali zaidi bila kujaza, na mabomba ya vichwa vya Kijerumani, yaliyopita nje, yaligandishwa na kupasuka. Nguo za baridi zilikuwepo kwenye maghala ya nyuma. Treni chache zilizopita zilipewa mafuta na risasi kwanza, na askari wakabaki na makoti ya kiangazi. Walioumizwa na baridi walizidi 100,000.

Kwenye Hearts of Iron IV reli ina ngazi moja hadi tano, na njia nzima inapitisha kiasi cha kipande chake dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo kujenga ngazi ya tano karibu na mji mkuu huku katikati kuna kipande cha ngazi ya kwanza ni kumwaga maji mchangani. Fungua ramani ya ugavi, tafuta kipande hicho, kijenge hicho. Kisha wape malori vituo vya ugavi vilivyo karibu na mapigano ili vifikishe mzigo mbali zaidi, na vya nyuma uviachie farasi. Na uliyoiteka leo usiihesabu leo. Reli iliyotekwa inahitaji muda kabla haijaanza kukuhudumia.

Mchezaji mwenye pesa za kujenga kitu kimoja tu kabla ya baridi, akiniambia nichague kati ya divisheni mpya na kipande cha reli, nitachukua reli bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 5: Punguza vinywa

Jeshi kubwa lisilolishwa ni dogo kuliko jeshi dogo lililoshiba. Ikifika tarehe yako ya kusimama, rudisha nyuma askari wa farasi na vifaru ambavyo havina kazi ya kulinda. Vinakula sana na kwenye theluji nene havikupi kitu. Bakiza watembea kwa miguu, wahandisi na mizinga ya kutosha.

Divisheni zinazobaki zipe vikosi vya kusaidia: mafundi wa matengenezo ili vifaa visife ovyo, hospitali ya uwanjani ili wagonjwa warudi kazini, na kikosi cha ugavi kinachopunguza ulaji. Wachezaji wengi huona vikosi hivi ni mapambo kwa sababu havipigi mtu. Subiri Februari uhesabu bunduki zilizobaki.

Na usibadilishe askari waliozoea baridi kwa waliotoka likizo kwenye joto, hata kama wapya wamejaa namba. Watakuwa wamepungua kabla hawajafika mstari wa mbele.

Hatua ya 6: Chagua pa kulala, usichague pa kupigania

Kiangazi unachagua kilima. Majira ya baridi unachagua paa. Pembesita yenye mji au kijiji ina thamani mara mbili: askari wako wanalala ndani, wa adui wanalala nje. Isipokuwepo, msitu unafuata, kwa kuni na kwa kukata upepo. Uwanda mtupu ni wa mwisho.

Maana yake mstari wako hautanyooka, na hapo ndipo watu wanapata taabu. Tumezoea kuona mstari mmoja kutoka kona hii ya ramani hadi ile, kila pembesita na kete yake. Baridi inauvunja mstari huo kwa sababu nusu ya kete zitakuwa porini. Vuta vikosi kwenye miji na njia panda, viwe ngome zinazojitegemea zenye chakula ndani, na nafasi za katikati zilindwe na doria ndogo. Adui akipenya kati ya ngome mbili, yeye ndiye analala nje.

Lakini usirundike. Mji una kikomo cha watu unaoweza kuwahifadhi, na kete ya nne juu ya tatu inawaumiza wote. Zungusha: kikosi kilichokaa nje zamu moja kiingie ndani zamu inayofuata. Wafini, watu wa Finland, walipopigana na Wasovieti mwaka 1939 walikuwa na mahema yenye jiko ndani, karibu na mstari wa mbele, askari wanatoka doria wanakuja kupata joto na kukausha soksi. Soksi kavu zilikuwa sehemu ya ushindi wao, ingawa hakuna gemu niijuayo yenye kete ya soksi.

Hatua ya 7: Kupora kuna bei

Gemu nyingi hukuruhusu kuchukua chakula kwa wenyeji. Kitufe kipo, na ukikibonyeza jeshi linashiba zamu hiyohiyo. Kwa nini usikibonyeze kila mara?

Kwa sababu pembesita uliyoikomba haikui tena hadi mavuno mengine, na huenda ukahitaji kuipita kurudi. Huku kwetu hilo si habari ya kwenye kanuni. Katika Vita vya Kwanza Wajerumani, kisha Waingereza waliofuata, walichukua nafaka na ng'ombe wa Wagogo na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala nguvukazi, na njaa ya takriban 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua watu wengi sana. Majeshi yalishapita yakaenda zao. Mwalimu mmoja wa historia anayekuja kucheza nasi hukataa kabisa kubonyeza kitufe hicho, na hatumbishii.

Ukiamua kupora, pora pembeni ya njia yako, usipore njia yenyewe. Pora mapema, mara baada ya mavuno, ghala za wenyeji zikiwa zimejaa, ili uchukue sehemu na kubakiza sehemu. Pembesita mbili zilizo nyuma yako kabisa usiziguse: hizo ndizo utakazolala ukishindwa.

Hatua ya 8: Barafu ni daraja linaloondoka

Mito na maziwa yakiganda, ramani inabadilika. Ulinzi uliouweka nyuma ya mto umepotea bila taarifa, na njia ambayo haikuwepo imefunguka. Mwanzoni mwa 1658 mfalme wa Uswidi, Karl X Gustav, alivusha jeshi lake juu ya bahari iliyoganda kati ya visiwa vya Denmark, na Denmark ikalazimika kukubali amani ya kupoteza ardhi nyingi. Baadhi ya askari wake wa farasi walizama njiani. Novemba 1941 ziwa Ladoga lilipoganda, Leningrad iliyokuwa imezingirwa ilianza kupata chakula juu ya barafu: kwanza sleji za farasi, siku chache baadaye malori. Lori jepesi lenye tani moja lilihitaji barafu ya kama sentimita 20.

Kwenye meza, tupa dadu ya unene wa barafu kila zamu na uvushe kwa mpangilio huo: watu, kisha farasi, kisha mizinga. Kwenye kompyuta hakikisha kwanza gemu yako inaruhusu mto kuganda, maana nyingi haziruhusu na utasubiri bure.

Na usiunguze madaraja yako kwa kutegemea barafu. Novemba 1812, wakati wa kurudi, Napoleon aliamuru vyombo vya kujengea madaraja vichomwe huko Orsha ili kupunguza mzigo. Siku chache baadaye akafika mto Berezina, akaukuta umeyeyuka. Kilichomwokoa ni Jenerali Eblé, aliyekuwa amebakiza zana za useremala na uhunzi. Watu wake waliingia kwenye maji ya barafu wakajenga madaraja mawili, na wengi wao hawakupona. Kete ya wahandisi iwe ya mwisho kuitoa kafara.

Hatua ya 9: Ukishambulia, piga jiko

Sishauri mashambulizi makubwa majira ya baridi, ila kama una askari waliozoea na adui yako hana. Hata hapo, lenga kinachomlisha.

Kati ya Desemba 1939 na Januari 1940, Divisheni ya 44 ya Kisovieti ilikwama kwenye barabara ya Raate, karibu na Suomussalmi: barabara moja, msitu pande zote, msururu wa kilomita nyingi. Wafini wachache waliovaa nyeupe na kutembea kwa ski (mbao za kutelezea juu ya theluji) waliukata msururu vipande vipande, wakapiga majiko ya uwanjani na mioto ya kuota, kisha wakaacha baridi ifanye kazi usiku. Vifaru vilikuwepo. Havikuwa na pa kugeukia.

Kwenye ramani yako tafuta pembesita ambayo ugavi wa adui unapita peke yake. Ichukue kwa kikosi chepesi kwa zamu moja au mbili, kisha rudi ndani. Usiishikilie hadi ukawa wewe ndiye unayelala nje. Ndege usizitegemee, hali mbaya ya hewa inazifunga chini siku unayozihitaji.

Hatua ya 10: Kama lazima urudi nyuma

Amua mapema, ukiwa bado na farasi. Napoleon aliingia Moscow Septemba 14 mwaka 1812, akakaa mwezi mzima akisubiri barua ya amani, akatoka Oktoba 19. Alijaribu kwenda kusini ambako chakula hakikuwa kimeguswa, lakini baada ya mapigano ya Maloyaroslavets tarehe 24 Oktoba aligeuka na kurudi kwenye njia ya Smolensk aliyoikomba wakati wa kuja.

Watu hulaumu theluji. Angalia namba za mchoro maarufu ambao Charles Minard aliuchora mwaka 1869: waliovuka mto Niemen kuingia Urusi mwezi Juni ni 422,000, waliofika Moscow ni 100,000. Wengine waliachwa kulinda njia, lakini walio wengi walikufa, waliugua au walitoroka, na yote hayo yalitokea kwenye joto na vumbi. Baridi ilikuta mabaki.

Kwa hiyo rudi kwa njia nyingine, hata ikiwa ndefu kwa pembesita mbili. Tanguliza wagonjwa na mizinga, na mkiani weka kikosi chako bora, si kilichochoka, maana kikivunjika hicho kila kitu kinaokotwa na adui. Simama kwenye bohari, lakini gawa chakula kwa wote: pale Smolensk waliofika mwanzo walikomba, waliofuata wakakuta maghala matupu.

Hatua ya 11: Theluji ikianza kuyeyuka

Wengi hushangilia na kusukuma mbele zamu ileile. Ngoja. Matope ya Oktoba yanarudi Machi na Aprili, na safari hii yanakuja na mafuriko. Sleji hazitembei tena, magurudumu hayajaanza kutembea, na barafu ya mto haibebi hata mbuzi.

Zamu ya mwisho ya baridi, wakati ardhi ingali ngumu, vuta bohari zote za katikati hadi mstari wa mbele na uwarudishe waliokuwa upande wa pili wa mto. Baada ya hapo zamu za matope ni za kujaza namba, kutengeneza vifaa na kuwaleta farasi na vifaru ulivyovirudisha nyuma hatua ya tano. Pembesita za bondeni zihame, maji yatazifuata. Barabara ikikauka, angalia kwanza ramani ya ugavi: kama kila kikosi cha mbele kina chakula cha zamu tatu bila kusubiri msafara, toa amri ya kusonga. Kama hakina, pitisha zamu, mpe mwenzako dadu.